Shikamoo ya Mtu wa Mwisho

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye cheti na ajira ya serikali, huku nimeshikwa kiuno kwa nyuma kama mtoto anayeanza kusimama. Uwanja wetu ulikuwa ule wa wazi nyuma ya reli, hapa Dodoma, Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaanza kutembeza vumbi. Nilivaa sketi ya kazini na kanga juu yake. Nilianguka mara nyingi, na kila nilipoanguka niligombana na kitu: na baiskeli, na udongo, na watoto waliokuja kutazama bure. Hasira zangu ziko karibu. Waliokaa nami wanalijua hilo.

Shida yangu ilikuwa njia. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya upande wa Nzuguni, na nyumbani kwetu kulikuwa Majengo, ng'ambo ya mji. Nzuguni ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mtama na nyumba za tembe moja moja. Magari ya kwenda huko yalikuwa machache na yaliondoka yakipenda. Nilitembea. Nilikuwa nafika darasa limeshapiga kelele za kutosha, sauti imekauka, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Mwalimu mkuu alinivumilia kwa muda, kisha akaacha kunivumilia. Akasema Haneti, kijiji cha mbali na mji, kuna nyumba ya mwalimu iko tupu, na mwalimu wa huko hulala hatua chache tu kutoka darasani. Nilimwelewa vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki nyumbani kuwatazama wazazi wangu, kwa hiyo Haneti sikuitaka hata kidogo. Ndipo niliposikia habari za chama.

Kilikuwa chama cha watu wa baiskeli. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tukivipangia foleni, na kila mwenye muhuri alikuwa na asasi yake. Kulikuwa na asasi za miti, za mikopo, za kuchimba visima. Ya kwetu kazi yake ilikuwa kufundisha watu baiskeli, kupita mashuleni kuwaeleza watoto alama za barabarani, na Jumapili moja moja kuzunguka mjini kwa msafara ili madereva watuzoee. Afisa mmoja tuliyekwenda kumwona alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza mfadhili wetu ni nani. Tulipomwambia hatuna, aliweka kalamu mezani polepole, akatupa pole.

Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya wodini. Sote tulimwita sista. Ujana wake ulikwisha kwenye tandiko la baiskeli, akizungukia vijiji vya upande wa Mvumi kuchanja watoto, na aliamini kwamba mtu akijua kuendesha na akajua upande wake wa barabara, nusu ya matatizo yake yamekwisha. Alituchorea barabara nzima kwa chokaa pale uwanjani, yenye njia panda na kipilefti. Mpita njia mmoja aliuliza kama huo mviringo ni wa kutulia helikopta ya mgeni rasmi.

"Tazama unakokwenda, mwalimu," sista alikuwa akinipigia kelele. "Gurudumu liache, halitakukimbia!"

Siku gurudumu lilipoacha kunikimbia nilicheka peke yangu mpaka mwisho wa uwanja, kisha nikashindwa kusimama nikaingia kwenye michongoma. Nilitoka na mikwaruzo na sikugombana na mtu. Mwisho wa mwezi nilijipatia baiskeli yangu, ya Kichina, nyeusi, yenye bomba linalopita katikati kwa kuwa za kike hazikuwepo dukani. Ili uipande ilibidi uurushe mguu juu kabisa, watu wakiona.

Hapo ndipo baba anapoingia.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuja mjini kutoka Kondoa akiwa kijana, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka moja pale Majengo, na hakuwahi kuihamisha. Alishonea mabwana harusi, alishonea mahakimu, alitushonea sare za shule sisi watoto wake wote bila kutupima, kwa jicho tu. Kisha mitumba ikaja. Marobota yalifunguliwa sokoni, watu wakajifunza kuvaa mashati yaliyokwisha kushonwa na watu wasiowajua, na baba akabakiwa na kazi ya kukata pindo na kupunguza viuno. Alizipunguza hizo suruali za marehemu wa Ulaya, kama alivyoziita, akiwa amekunja uso. Kwenye droo ya cherehani alikuwa na kitambaa kimoja kizito cha buluu iliyoiva, alichokipata enzi za foleni na kukihifadhi. Mama aliwahi kukiomba. Baba alimjibu kuwa kina kazi yake, na mama hakurudia.

Kila siku baba alitoka alfajiri kwenda msikitini, na kutoka huko alikwenda moja kwa moja barazani. Kwa hiyo shikamoo yangu ya asubuhi siku zote nilimpa pale, nikiwa njiani kwenda kazini. Alikuwa akiitikia bila kuinua macho, "Marahaba, mama," maana nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo siku yangu ilikuwa imeanza sawasawa.

Asubuhi ya kwanza ya baiskeli nilifanya kama nilivyolelewa. Humsalimii mkubwa wako ukiwa umekaa juu. Nilishuka mapema, nikaishika baiskeli ubavuni, nikainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Cherehani iliendelea. Nikafikiri hakusikia. Nikarudia. Wazee wenzake waliokuwa wakipiga soga pale walinyamaza, mmoja akakohoa. Baba aligeuza kitambaa, akapiga mshono wa pili. Nilisimama pale mpaka aibu ikanishinda, nikaikokota baiskeli hadi kwenye kona na kupandia huko, wasikoniona.

Jioni nyumbani alikuwa baba yule yule. Nilimwamkia akaitikia, akaniuliza habari za shule, akanisukumia bakuli la mboga. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa uani, na yeye akienda kutia udhu aliizunguka kwa mbali, kama mtu anayemzunguka ng'ombe aliyelala. Kesho yake barazani, kimya tena. Ikawa ndiyo desturi. Nyumbani nilikuwa na baba, barazani sikuwa naye.

Mama ndiye aliyenieleza.

"Rafiki zake wanamtania," alisema. "Wanamwambia binti yako anarusha mguu mbele ya wanaume wazima. Wewe unapita tu, yeye anabaki nao mchana kutwa."

"Nitembee basi? Nipelekwe Haneti?"

"Mimi nimekuambia ninachokijua."

Nilikasirika sana. Niliwakasirikia wale wazee waliokuwa hawana cha kufanya, nikamkasirikia baba kwa kuwasikiliza. Kwa siku chache nilifikiria kupita njia ya nyuma. Lakini kupita nyuma kungekuwa kukubali kwamba sina mtu wa kumsalimia. Kwa hiyo kila asubuhi nilishuka, nikatoa shikamoo yangu kwenye mlio wa cherehani, nikasubiri kidogo, nikaondoka. Nilikuwa nafika shuleni mapema siku hizo, kengele haijagongwa, na mwalimu mkuu aliacha kuitaja Haneti. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata. Nilikuwa nalia njiani, upepo wa Dodoma ukinisaidia kujifanya ni vumbi.

Sasa, msafara wetu wa kwanza. Sista aliniweka mbele kwa sababu mimi ni mwalimu, nimezoea kupanga mistari. Tulikuwa watu wa kila namna: karani wa manispaa mwenye tai, wauza nyanya, seremala, wanafunzi wa chuo, mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni ingawa alikatazwa. Tulikuwa tumefundishwa kila kitu. Tulijua kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, tulijua kuachiana nafasi, tulijua kwamba wa mbele hafungi breki ghafla hata akimwona nyoka.

Kwa nyoka nisingefunga. Lakini tulipoingia Makole nikamwona bibi mmoja anakuja amebeba kuni kichwani, mzee kabisa, anatembea kwa kutafuta ardhi. Sikufikiri. Breki zilifungwa na malezi, si mimi. Nilishuka, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Nyuma yangu karani alinigonga, seremala akamgonga karani, na waliobaki wakafuata kwa mpangilio. Nilisikia vyuma, nikasikia mtu anamwita Mungu, nikasikia kengele moja ikilia yenyewe chini ya watu. Wachache wa nyuma kabisa waliofanikiwa kusimama walikuwa wameshashuka, nao wameinama, wanamwamkia bibi.

Bibi alituangalia sote, tulioinama na tulioanguka.

"Marahaba, wajukuu zangu," alisema kwa Kiswahili chenye Kigogo ndani yake. "Nyie wengine mbona mmelala?"

Hakuna aliyeumia zaidi ya magoti, ila gurudumu la karani lilikuwa limepinda vibaya na tai yake imeingia kwenye cheni. Yule mama mwenye mtoto alikuwa amebaki nyuma akinyonyesha, ndiyo salama yao. Tulirudi uwanjani tukikokota, tukakaa chini kivulini, na sista akasimama mbele yetu.

"Nimewafundisha breki," alisema. "Nimewafundisha mkono. Shikamoo sikuwafundisha."

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko ule wa katiba ya chama. Karani, aliyekuwa na uchungu wa gurudumu, alisema mjini watu wamezoea, mtu asalimie kwa kupunga mkono akiwa juu, maendeleo ndiyo hayo. Muuza nyanya mmoja alimwambia ajaribu yeye kwanza kwa baba mkwe wake, halafu Jumatatu atueleze amelala wapi. Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kupita mbele ya mzee amekaa kwenye tandiko, na msafara unaosimama kwa kila mzee usingefika popote, kwani Dodoma ina wazee.

Suluhisho lilitoka kwa sista. Wa mbele akimwona mkubwa, agonge kengele. Wote wapunguze mwendo na kuinamisha vichwa, wapite. Mtu wa mwisho peke yake ndiye ashuke, atoe shikamoo kwa niaba ya wote, asubiri aitikiwe, kisha apande akimbize wenzake. Tuliijaribu pale pale kwenye barabara ya chokaa, seremala akiigiza kuwa mzee. Ilifaa.

"Na mtu wa mwisho atakuwa nani?" karani aliuliza.

"Aliyetuangusha," sista alijibu, akaninyooshea kidole.

Kwa hiyo nikawa msalimiaji wa chama. Ilikuwa kazi ya jasho, kushuka na kupanda na kukimbiza, miguu yangu ilipata nguvu za mpagazi. Kuruka bomba lile kwa sketi ndiko kulikonitesa zaidi. Wanawake wote wa chama tulikuwa tukikata tyubu kuukuu vipande na kufungia nguo miguuni, zisiingie kwenye cheni. Hatukupendeza. Lakini watu walianza kutupenda kwa ajili ya ile salamu. Wazee wa mitaa ya Chang'ombe na Kikuyu walitoa viti nje Jumapili wakingoja kuamkiwa, na madereva waliokuwa wakitupigia honi walijifunza kusubiri, kwa kuwa huwezi kumpigia honi mtu anayemwamkia mzee wako.

Kisha sista akapanga njia ya kupita Majengo, mbele ya baraza ya baba.

Nilimfuata pembeni nikamwomba aibadilishe. Nilimweleza kila kitu, hadi habari ya cherehani isiyosimama. Alinisikiliza huku anatoa mwiba kwenye tairi.

"Njia ile nyingine imejaa mbigili," alisema. "Tutatoboka wote. Tunapita Majengo."

Nilidhani hana huruma. Jumapili ile niliendesha nikiwa wa mwisho, nikiomba baba awe amekwenda msibani au popote. Kengele ya mbele ikalia. Nikaona vichwa vinainama, kimoja baada ya kingine, mstari mrefu wa watu wazima wenye heshima zao, karani na tai yake, mama na mtoto wake ambaye naye aliinamishwa. Walipokwisha kupita, barabara ikabaki na mimi.

Nilishuka. Wale wazee wote walikuwepo. Baba alikuwa ameshika suruali ya mtumba iliyofumuliwa.

"Shikamoo, baba," nilisema. "Msafara wote unakuamkia."

Cherehani ilikuwa imesimama. Nadhani ilisimama tangu kengele ya kwanza, sikuwa nimegundua. Mzee mmoja, yule wa kukohoa, alimgusa baba begani.

"Fundi, umeamkiwa na watu wote wale. Hutawaitikia?"

Baba aliwaangalia wenzangu waliokuwa wakiishia kwenye kona.

"Marahaba," alisema. "Nendeni salama."

Aliitikia msafara. Mimi hakuniangalia. Niliumia zaidi kuliko asubuhi zote za kimya, maana sasa nilijua neno lipo mdomoni mwake na linatoka vizuri, ila si kwa ajili yangu. Niligeuza baiskeli nipande, na hapo hapo, mbele yao wote, sikuogopa tena kitu. Niliurusha mguu. Kipande cha tyubu kikafyatuka, sketi ikashuka na kunasa, nikashuka tena kuifunga upya huku nimeng'ata meno.

"Hiyo nguo imefungwa na nini?" baba aliuliza.

"Tyubu, baba."

Alitazama goti langu, akatazama pindo lililochanika na kuingia grisi. Uso wake ulikuwa ule ule wa kutazama mitumba. Nilifunga, nikapanda, nikaondoka bila kuaga, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuondoka mbele ya baba bila kuaga.

Jumatatu nilishuka kama kawaida, nikatoa shikamoo yangu. Hakuitikia. Jumanne vilevile. Katikati ya wiki alianza kuchelewa kurudi nyumbani jioni, mama akilalamika kuwa ugali unapoa. Nilifikiri ananikwepa. Nilimwambia mama kuwa nimechoka, kwamba wiki ijayo nitapita njia ya nyuma na yaishe. Nilisema kwa sauti kubwa, baba akiwa uani anatia udhu.

Siku chache baadaye, nikitoka na begi langu la madaftari, nilikuta kitu kwenye keria ya baiskeli. Kilikuwa kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukanda wa kitambaa cha buluu iliyoiva. Nililigusa fundo kwanza, maana nalijua fundo la baba. Mtu aliyekuwa akiizunguka baiskeli yangu kwa mbali alikuwa ameinama juu yake alfajiri ile, akafunga.

Niliingia ndani nikakikunjua, nikakivaa. Nikisimama ilikuwa sketi, pana, inafika kwenye vifundo vya miguu, hakuna mtu angesema vingine. Lakini ndani ilikuwa imegawanywa, kila mguu na upande wake, na kwa chini kulikuwa na vifungo vya kubana nguo isikaribie cheni. Kiuno kilikaa sawasawa. Hakuwa amenipima. Mama alisimama mlangoni akakitambua kitambaa, akakaa kitandani.

Nilikwenda barazani. Nilishuka mapema kama siku zote, nikaishika baiskeli ubavuni. Wazee walikuwepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," alisema. Macho yake yalikuwa kwenye pindo. "Hebu panda nione inavyokaa."

Nilipanda. Mguu ulipita juu ya bomba mbele ya wote, na kitambaa kikapita nao, kizito, kimetulia, hakikuonyesha kitu.

"Zunguka."

Nilikwenda hadi kona, nikanyoosha mkono kama nilivyofundishwa, nikageuza, nikarudi. Yule mzee wa kukohoa alifungua mdomo, baba akamtazama, akaufunga. Nilipokaribia nilifunga breki, nikauinua mguu nishuke nimuage.

Baba aliinua mkono wenye mkasi.

"Usishuke," alisema. "Utaitia vumbi."